Pete Nyeupe ya Nurdin

Kwa aliyepitwa na gazeti la Jumamosi, mambo yalikuwa hivi. Euphrasia, binti wa Mzee Ansbert mwenye duka la vitenge vya jumla hapa Kariakoo, amepata mchumba. Mchumba mwenyewe ni Nurdin, fundi wa gia boksi kule mtaa wa Gerezani, kijana wa Lindi, Mwislamu wa kuswali. Mzee Ansbert, Mchaga wa Kirua na Mkatoliki wa kupiga magoti, alinuna mpaka akachoka kununa. Mwishowe akakubali ndoa ya bomani, kwa sharti moja: pete zote mbili ziwe za dhahabu.

Tulimwacha Euphrasia mlangoni kwa sonara, roho iko mkononi.

Mzee Ansbert hakuwa mtu wa kutoa sharti bila hotuba.

"Pete za ndoa ni jozi, mama, kama viatu," alimwambia bintiye huku akikunja doti za vitenge. "Mwanaume akikuvisha wewe dhahabu, yeye akavaa kitu kingine, huyo amejiachia mlango wa nyuma. Mimi sikuozeshi kwa mwanaume mwenye mlango wa nyuma."

Nurdin naye alikuwa na lake, na alimwambia Euphrasia siku moja tu, kwa upole.

"Nimekubali bomani, Yufra. Nimekubali ubaki na kanisa lako, na Jumapili nitakusindikiza mpaka getini. Nimekubali hata pombe ya mbege ya kina babu yako siku ya sherehe, ilimradi wasiiweke kwenye meza yangu. Lakini dhahabu sivai. Mwanaume wa dini yetu havai dhahabu. Mimi nitavaa fedha. Nimekuomba hilo tu."

Nimekuomba hilo tu. Maneno hayo, msomaji wangu, yakae kichwani mwako mpaka mwisho, maana Euphrasia aliyatoa kichwani mwake mapema mno.

Mama Mboni, mzazi wa Nurdin, aliposikia mwanawe atavaa pete ya fedha alifurahi kama aliyeambiwa anaenda Makka. Akamwita Euphrasia nyumbani kwake Mchikichini, akamkalisha kwenye mkeka, akaagiza sabuni na mafuta ya nazi.

"Unaiona bangili hii? Fedha tupu. Mama yangu alinivalisha mimi mwali. Haijatoka mkononi tangu Nurdin yuko tumboni. Itoe, ukamyeyushie mwanangu pete."

"Mama, itakuumiza."

"Vuta. Usinionee huruma."

Euphrasia akapaka sabuni, akapaka mafuta, akavuta. Ngozi ya kiganja ilichubuka na mama wa watu akauma mtandio wake. Bangili ilipochomoka walilia wote wawili, kisha wakacheka, kisha Mama Mboni akambusu mkwewe kwenye paji la uso.

"Umemstahi mwanangu," akasema. "Mungu akustahi na wewe."

Ndiyo bangili hiyo iliyokuwa kwenye mkoba wa Euphrasia alipoingia kwa sonara. Huku ana bangili ya mkwe, huku ana sharti la baba. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na za Euphrasia siku hiyo zilisimama wima.

"Dada Sitara," akauliza, "kuna dhahabu isiyoonekana kama dhahabu?"

Sitara, mama wa Kihindi anayekaa Upanga, amerithi duka lile na mizani yake kwa marehemu baba yake. Akavua miwani.

"Miaka yote watu wanakuja kuniuliza kinyume chake," akasema. "Wana kitu kisicho dhahabu, wanataka kionekane dhahabu. Wewe unatafuta nini?"

"Nataka baba aridhike, na mchumba wangu aridhike."

Sitara akafungua droo, akatoa pete nyeupe, akaiweka kwenye kitambaa cheusi.

"Dhahabu nyeupe. Ni dhahabu ile ile, imechanganywa na madini mengine mpaka unjano ukapotea. Baba yako akija kupima, mizani haitamdanganya."

"Na mtu akiitazama tu?"

"Ataona fedha."

Euphrasia akaijaribu kwenye kidole gumba. Nzuri. Nyeupe, tulivu, kama haina habari na mtu.

"Halafu ngumu," Sitara akaendelea. "Fedha ni laini, hasa hizi za zamani kama bangili yako. Ukiibana inapinda, ukiivuta sana inafunguka. Hii haifunguki."

"Basi bora ngumu," Euphrasia akasema, akacheka.

Alicheka, msomaji. Nakuapia alicheka.

"Mchumba wako Mwislamu?" Sitara akauliza.

"Ndiyo."

"Anajua?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Tukishaoana."

Sitara akairudisha ile pete kwenye kitambaa. Biashara ni biashara, lakini uso wake haukupendezwa. "Na bangili je, niiyeyushe?"

Euphrasia akaishika bangili. Ilikuwa bado inanukia mafuta ya nazi. Kuyadanganya macho ya watu aliweza, lakini kuyeyusha kitu alichokivuta mkononi mwa mama wa watu kwa machozi, hapo moyo ulikataa.

"Iache," akasema. "Nitaihifadhi."

Hivyo ndivyo alivyochagua. Pete mbili, dhahabu nyeupe, jozi kama viatu. Moyoni alijipongeza. Baba atapata dhahabu, Nurdin ataona fedha, Mama Mboni atapiga vigelegele, na hakuna atakayelia. Bangili akaizika chini ya kabati, ndani ya khanga za sendofu, zile alizotunzwa siku ya kuagwa kwao.

Bomani, Mzee Ansbert alipoona pete akamvuta bintiye pembeni.

"Mama, hii mbona nyeupe?"

"Ni dhahabu nyeupe, baba. Muulize Sitara."

Mzee akapiga simu hapo hapo. Aliporudi alikuwa anacheka mpaka gego la mwisho linaonekana.

"Basi tunajua mimi na wewe," akamnong'oneza. "Mwache avae dhahabu yetu bila kujua."

Euphrasia alijisikia vibaya kwa lile neno "yetu". Lakini wakati huo huo Mama Mboni alikuwa ameushika mkono wa mwanawe, anaibusu ile pete mbele ya watu wote.

"Fedha ya mama yangu!" anapiga kelele. "Fedha ya mama yangu imeoa!"

Vigelegele vikapasua dari. Kila mtu alikuwa amepata alichotaka.

Sasa kumwambia. Siku ya kwanza haikufaa, ilikuwa fungate. Baadaye Nurdin alikuwa na kazi nyingi. Kisha Ramadhani ikaingia, akaona asimharibie mtu funga yake. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, ila hii ya Euphrasia ilijikunja ikapita Idi na ikawa bado inaenda.

Kila alfajiri alilisikia bomba la uani. Nurdin alikuwa anatawadha. Alikuwa na mtindo wake: hakuivua pete, aliizungusha kidoleni ili maji yapite chini yake, huku akisema peke yake, "Fedha ya bibi hiyo." Kisha anaenda kuswali. Euphrasia alikuwa anageukia ukutani na kujifunika shuka mpaka kichwani. Alimpenda mume wake. Alimpenda mpaka akamwogopa.

Halafu ikaja siku ya Fuso.

Lori lilikuwa limeleta injini kuukuu pale Gerezani. Nurdin alipanda juu kuzifungua kamba, akamaliza, akaruka chini kama anavyoruka siku zote. Pete ikanasa kwenye ndoano ya bodi.

Mwili ulishuka. Kidole kilibaki juu na pete yake.

Sitasimulia zaidi. Wenzake walimkimbiza hospitali kule Upanga. Madaktari walihangaika nacho, lakini kidole kile hakikuwa cha kurudi.

Euphrasia alifika mbio, viatu mkononi. Alipotoka kununua maji, muuguzi alimkabidhi Mama Mboni ile pete, imeoshwa, imefungwa kwenye kitambaa. Alivyorudi akaikuta mikononi mwa mkwewe.

Nurdin alikuwa kitandani, mkono wa kushoto umefungwa bandeji nene. Akajaribu kutabasamu.

"Usilie, Yufra. Kidole kimoja tu. Lakini umeiona pete? Imetoka nzima, haikupinda hata kidogo. Kumbe fedha ya bibi ni ngumu hivyo!"

Mama Mboni akainua macho.

"Ngumu?" akasema taratibu. "Bangili ile nilikuwa nikiilalia vibaya usiku, asubuhi naikuta imepinda. Nikawa nainyoosha kwa meno."

Euphrasia akafungua chupa ya maji ambayo hakuna aliyeiomba.

"Labda sonara aliiongezea kitu, mama," Nurdin akasema.

"Labda." Mama Mboni akaifunga pete kwenye pindo la mtandio wake. "Kidole chenyewe hakipo tena. Nitairudisha kwa yule yule sonara wa Kariakoo, anigeuzie iwe bangili yangu kama zamani, hata kama nyembamba. Nife nayo."

"Nitaipeleka mimi, mama," Euphrasia akadakia.

"Wewe muuguze mumeo."

Siku ile Euphrasia hakulala, na zilizofuata vilevile. Kilichomkosesha usingizi hakikuwa pete tu. Kilikuwa sauti ya Sitara: fedha ni laini, ukiivuta sana inafunguka. Na kicheko chake mwenyewe baada ya hapo. Basi bora ngumu. Aliyarudia maneno hayo mpaka akawa anayachukia kama jina la adui.

Asubuhi ya Nurdin kuruhusiwa, alimwambia mkwewe kwa simu, "Mama, wewe mchukue hospitali, mimi natangulia nyumbani kumpikia supu." Hakupika supu. Alifukua bangili kwenye zile khanga za sendofu na kukimbia nayo kwa Sitara.

"Dada, yeyusha hii sasa hivi. Nitengenezee pete, mfano wa hii yangu, iwe ya kiume."

Sitara akaitazama bangili, akamtazama na yeye. Euphrasia akamweleza yote, maneno yakipandana: Fuso, ndoano, kidole, mama anayekuja na ile pete ya dhahabu. Akipata pete ya fedha atazibadilisha kisirisiri, na mama akija hapa, awe ameleta fedha ya kweli.

"Pole," Sitara akasema. "Pole sana kwa mumeo."

"Dada, nikuulize." Euphrasia akaegemea kaunta ya kioo. "Ingekuwa fedha... ile siku ingekuwa amevaa fedha..."

"Usiniulize hilo."

"Ingefunguka?"

Sitara akachukua kitambaa, akaanza kufuta kioo kilichokuwa hakina vumbi.

"Sijui," akasema. "Na wewe hutajua. Hilo utaishi nalo."

Hapo Euphrasia alilia kwa sauti, dukani, mchana, wapita njia wakichungulia. Alilia kidole cha mume wake. Nadhani ndiyo mara yake ya kwanza kulia kwa ajili ya mtu mwingine tangu hadithi hii ianze.

Sitara akaiweka bangili kwenye mizani ili aanze kazi.

Mlango ukafunguliwa.

"Hodi humu," sauti ikasema. "Ndiyo hapa kwa Sitara?"

Alikuwa Mama Mboni, amevaa dera lake la bluu, anafungua pindo la mtandio. Alikuwa ameshatoa pete, ameshanyoosha mkono kuiweka kaunta, ndipo akamwona mkwewe. Akatabasamu kwanza, akidhani wamekutana kwa wema. Kisha macho yakashuka kwenye mizani.

Bangili ilikuwa pale, nzima, na ule mkunjo wa meno yake ubavuni.

Mama Mboni akaiweka pete taratibu kando ya mizani.

"Mama Sitara," akauliza, bila kumtazama Euphrasia, "bangili yangu hii hapa. Sasa hii pete ni ya nini?"

Sitara akamtazama Euphrasia. Euphrasia akainamisha kichwa.

"Ni dhahabu, mama," Sitara akasema. "Dhahabu nyeupe."

Mama Mboni akatafuta kiti kwa mkono kama kipofu, akakaa.

"Mwanangu ameswalia dhahabu," akasema. "Ramadhani nzima. Na mimi niliibusu."

"Shikamoo mama," Euphrasia akasema, maana hakujua aanzie wapi, na akapiga magoti pale pale kwenye vigae. "Mama, nisamehe. Baba hakutaka... Nilitaka wote mfurahi. Nilikuwa nimepanga kumwambia, naapa nilikuwa nimepanga kumwambia."

"Alikuomba mambo mangapi, Euphrasia?"

Euphrasia akashika pindo la dera la mkwewe.

"Nakuuliza, mwanangu aliomba mambo mangapi?"

"Moja, mama."

Mama Mboni akapangusa macho kwa mtandio. Alivyozungumza tena, sauti ilikuwa imetulia, na utulivu ule ulitisha kuliko matusi.

"Nurdin juzijuzi kapoteza kidole. Sijui kama ana nguvu ya kupoteza na mke. Mimi ni mama yake, simtakii uchungu juu ya uchungu. Kwa hiyo sikiliza. Uliitoa bangili hii mkononi kwangu, utairudisha wewe. Ikiingia, nitanyamaza. Sitamwambia neno mpaka naingia kaburini. Ikigoma, utamwambia leo, kwa mdomo wako. Mama Sitara, naomba sabuni."

"Mama, mkono umevimba," Sitara akasema. "Haitapita. Niache niikate, niiunge."

"Sabuni."

Sabuni ikaletwa, na maji kwenye bakuli. Mama Mboni akakunja vidole pamoja, akanyoosha mkono.

Euphrasia akapaka povu, akaingiza bangili, akasukuma. Ilipita vidole bila shida. Ikafika kwenye vifundo, ikakwama.

"Mama, imegoma."

"Basi inuka ukamwambie."

Euphrasia akautazama mkono ule, na alama ya kovu lililobaki tangu siku ya kuvuta. Angeweza kuinuka. Mlango ulikuwa pale pale. Lakini kichwani alimwona Nurdin uani, anazungusha pete maji yapite, na akajua akimwambia atampoteza.

Akasukuma.

Mama Mboni akauma mtandio.

Akasukuma tena, kwa uzito wake wote, magoti yakiteleza kwenye povu. Ngozi ikachanika. Maji ya bakuli yakawa mekundu kidogo. Sitara akageuka, hakutaka kuona. "Nisamehe, mama," Euphrasia akawa anasema, huku anasukuma, "nisamehe, nisamehe," na bangili ikaruka kifundo cha gumba, ikatua kwenye kifundo cha mkono kama haijawahi kutoka.

Mama Mboni akavuta pumzi ndefu. Akaosha mkono, akaufuta kwa pindo la dera.

"Kumbe unaweza," akasema. "Nilidhani utaacha."

Euphrasia alikuwa bado chini, povu mikononi. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Nimeahidi, na mimi ni mtu wa ahadi," Mama Mboni akaendelea, akiinuka. "Sitasema neno. Hiyo pete chukua, mpelekee baba yako. Sasa naenda, mwanangu yuko nje kwenye bajaji ananisubiri, jua kali."

"Nani yuko nje?"

"Nurdin. Nilimwambia tupite hapa mara moja, niiache pete igeuzwe bangili."

Euphrasia akaitazama bangili. Nurdin aliijua tangu anatambaa, na aliambiwa imeyeyushwa yote kwa ajili ya kidole chake.

"Mama, ivue!" Akaushika mkono, akaanza kuvuta. "Mama, nakuomba, ivue kwanza!"

"Haivuki, mwanangu," Mama Mboni akasema bila hasira, akiubandua mkono wa mkwewe kidole kimoja kimoja. "Wewe mwenyewe umeisukuma."

Akatoka.

Euphrasia akafika mlangoni, akaishia hapo. Bajaji ilikuwa imesimama ng'ambo, mbele ya duka la masufuria. Nurdin alikuwa siti ya nyuma, bandeji kifuani. Alipomwona mama yake anakuja akachangamka, akasogea kumpisha, akanyoosha mkono wake mzima ili amsaidie kupanda.

Mama Mboni akampa mkono.

Nurdin akaushika kwenye kifundo cha mkono, akaanza kuvuta, kisha akaacha kuvuta. Akatazama chini. Akapitisha kidole gumba juu ya ule mkunjo wa meno.

"Mama," akasema, na Euphrasia aliisikia sauti yake juu ya makelele yote ya Kariakoo, "hii si ndiyo iliyoyeyushwa?"

Mama Mboni alikuwa ameahidi kunyamaza, akanyamaza. Aligeuza shingo tu, akatazama mlango wa duka.